Hatua Kumi na Moja za Kuzimia

Bi Mstari alianguka Jumatano, saa tano kasorobo asubuhi, akiwa ameshika pembe mbili za shuka la hospitali. Pembe mbili nyingine zilikuwa kwa mwenzake, Mama Pacha. Walikuwa wanavuta kunyoosha kabla ya kukunja, kama walivyokwisha kuvuta mashuka mia mbili asubuhi hiyo, na kama walivyovuta kwa miaka kumi na moja. Mama Pacha alikuwa anasimulia habari za jirani yake na fundi bomba, tena alikuwa amefika pale penyewe, mke wa fundi anabisha hodi, ndipo akahisi upande wa pili wa shuka umelegea. Akadhani mwenzake kazidiwa na kicheko. Kutazama, hakuna mtu.

"We mama," akasema, "mbona hujasikia mwisho?"

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha udobi. Kilifua mashuka, foronya na taulo za hoteli nne na hospitali moja kubwa. Mzigo uliingia kwa mlango wa nyuma ukiwa na mambo ya watu ndani yake, ukapandishwa kwenye mizani, ukafuliwa, ukaletwa chumba cha pasi. Na pasi yenyewe si ile ya kushika mkononi. Ni chuma kinene kama pipa la lami, kirefu kuliko kitanda, kinazunguka mchana kutwa na moto wake tumboni. Shuka linaingia bichi huku, linatoka kavu kule, na ule unyevu wake hauendi popote. Unabaki chumbani na wafanyakazi.

Madirisha yalikuwepo, sita, yote yamepigiliwa misumari. Miaka miwili nyuma hoteli moja ilirudisha lori zima kwa sababu ya doa la masizi lisilozidi punje ya mtama, na tangu siku hiyo upepo ukapigwa marufuku. Wiki iliyofuata likaonekana tone la chai kwenye foronya, maji ya kunywa nayo yakapigwa marufuku. Anayetaka kunywa akanywe nje. Na kutoka nje, sharti uwe na kibao.

Kibao kilikuwa kipande cha ubao chenye tundu, kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Anayekwenda chooni anakichukua, akirudi anakirudisha. Watu ishirini na sita, kibao kimoja. Ukikichukua mara ya pili kabla ya chakula, msimamizi anakutazama. Mara ya tatu anakuuliza, kwa sauti, mbele za watu, kama una matatizo. Wanawake wakajifundisha wenyewe kutokunywa kitu tangu nyumbani. Bi Mstari alikuwa bingwa wa hilo kama alivyokuwa bingwa wa mikunjo, ambayo ndiyo iliyompa jina. Mkunjo wake ungeweza kuutumia kama rula. Alikuwa na uwezo wa kukaa kuanzia alfajiri mpaka saa kumi bila kukigusa kibao, na watu walimsifu kama mtu anayejua kuogelea.

Basi alianguka, na kwa bahati njema aliangukia rundo la mashuka safi yaliyokunjwa kwa mikono yake mwenyewe. Palikuwa laini kuliko kitanda cha nyumbani.

"Mashuka!" mtu akapiga kelele.

Watu sita wakaruka kwa pamoja, kila mmoja akakamata upande wake, wakavuta. Walikuwa hodari wa kazi yao. Rundo likatoka lote, salama, hata shuka moja halikukunjamana, na Bi Mstari akabaki juu ya saruji.

Msimamizi wa zamu alikuwa Bwana Filimbi, mtu asiyetoka nyumbani kwake bila filimbi shingoni. Akapuliza mara moja. Filimbi moja maana yake ni chakula, kwa hiyo nusu ya watu wakatoka. Waliobaki wakamwinua Bi Mstari na kumsimamisha, kwa kuwa katika chumba kile watu husimama, akawa ananing'inia kati ya watu wawili kama nguo kwenye kamba. Mmoja akamvua kiatu akamnusisha. Mama Pacha akachukua chupa ya kunyunyizia mikunjo sugu, akamnyunyizia uso kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka mahali. Walipoona hapati nafuu, wakamtia kwenye toroli la mashuka machafu, maana la safi lisingewezekana, wakamsukuma mpaka mlango wa nyuma. Na kwa kuwa kila toroli linalopita mlango wa nyuma lazima lipande mizani, likapanda. Karani wa mizani hakuinua hata macho. Akaandika: kilo themanini na moja. Halafu akaona miguu, akaongeza pembeni: "pamoja na mtu."

Haya yote Bi Mstari aliyapata baadaye kwa Mama Pacha, ambaye hakupunguza kitu. Alichokumbuka yeye ni dari, halafu giza linaloanzia pembeni kama pazia, halafu anga, na sauti ya Bwana Filimbi ikisema, "Huyu sasa ni wa kupumzishwa."

Akafumba macho tena. Si kwa kuzimia.

Kupumzishwa alikujua. Mwaka uliopita dada mmoja wa upande wa taulo alianguka vivyo hivyo. Afisa utumishi akaja na fomu, akaijaza, fomu ikapanda ghorofani kwa wakubwa, na yule dada akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Mpaka leo anapumzika. Anauza mkaa, lakini kwa mujibu wa kiwanda anapumzika. Na Bi Mstari nyumbani alikuwa na vichwa vinane vinavyokula kwa mikono yake miwili, kuanzia mumewe, dereva wa zamani aliyeachwa na mgongo wake, mpaka mjukuu asiyejua kusema bado ila anajua kuomba.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimlaza chali, akamwekea mto chini ya miguu, akamlegeza mkanda, akafungua dirisha. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Umekunywa nini leo?"

"Sijanywa."

"Jana?"

"Jana usiku nilipata chai."

"Una ugomvi na maji, mama?"

"Hapana, dada. Ni kibao."

"Kibao gani?"

Bi Mstari akaeleza. Muuguzi akaacha kuandika, akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na ulipoanguka, wenzako walifanyaje?"

Mama Pacha, aliyemsindikiza, akajibu kwa fahari kidogo. Alipofika kwenye kiatu, muuguzi akainua mkono.

"Sikilizeni. Mtu akizimia mnamlaza, miguu juu, nguo zinalegezwa, watu wanasogea apate hewa. Hamumsimamishi. Hamumnyweshi kitu mpaka azinduke vizuri. Akichelewa kuzinduka, au kaumia, au kifua kinambana, mnamleta mbio. Kiatu mwacheni nacho."

"Na kumnyunyizia?" Mama Pacha akauliza.

"Kwani ni mchicha?"

Akawaandikia cheti: joto na upungufu wa maji. Bi Mstari akakikunja mara nne, pembe kwa pembe, akakitia kifuani.

Nyumbani habari zilikuwa zimeshafika na kuandaliwa mahali pa kukaa. Kwenye kizingiti alimkuta mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na masikio ya msichana, amezungukwa na majirani wanne.

"Mkwe wangu," akasema bibi, "mimba unaificha mpaka mimi?"

"Mama, nina miaka hamsini na moja."

"Na mimi nilipokuwa na hamsini na moja watu walisema hivyo hivyo."

"Ukapata?"

"Sikupata. Lakini walisema."

Mumewe alimwekea kiti. Akangoja majirani waishe, jambo lililochukua muda, ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Wameshajaza fomu?"

"Kesho."

"Basi kesho uende mapema kuliko fomu."

Alikwenda mapema. Ofisi ya afisa utumishi ilikuwa ghorofa ya kwanza, ina feni, pazia na chupa ya chai. Wafanyakazi walimwita Bwana Fomu, na yeye alijua wala hakuchukia. Alikuwa mtu mnadhifu, si mkali. Hakuwahi kumfokea mtu yeyote. Alisema mambo mabaya kwa upole ule ule anaokuambia nao uketi.

"Keti, mama. Pole sana. Fomu nimeshaijaza."

Akaigeuza aione. Mstari wa Chanzo ulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: Mwili wa mfanyakazi. Cha pili: Mazingira ya kazi. Alama ilikuwa kwenye cha kwanza.

"Afisa, mwili wangu hauna kitu. Ni joto. Cheti hiki hapa."

Bwana Fomu akakisoma kwa makini, mbele na nyuma. "Upungufu wa maji," akasema. "Wapi?"

"Mwilini."

"Basi tunaelewana. Mwili wa mfanyakazi."

"Lakini kilichoyamaliza hayo maji ni kile chumba!"

"Mama, chumbani mko ishirini na sita. Joto ni moja. Walioanguka ni mmoja. Kama kosa lingekuwa la joto, wangeanguka ishirini na sita."

Ilikuwa kama kugombana na kabati.

"Njoo usimame pale saa moja tu, afisa."

"Sina kibali cha kufanya kazi ya pasi," akasema, kwa masikitiko ya kweli. "Fomu inapanda ghorofani kesho saa kumi. Ila kuna jambo lingine ningependa kukuomba."

Jambo lenyewe lilianzia kwa Mama Pacha. Jana yake, kabla Bi Mstari hajafikishwa zahanati, Mama Pacha alikuwa ameshamsimulia dereva wa lori, na dereva akaushusha mzigo hospitali pamoja na habari: kuna mtu amefia kwenye mashuka yenu. Hospitali ikapiga simu. Ikaelezwa hakufa. Ikasema vyema, lakini ingependa kuona kwa maandishi kiwanda hufanya nini mfanyakazi anapozimia, pamoja na picha za mazoezi. Bwana Fomu hakuwa na maandishi hayo. Usiku ule ule akayaandika, hatua kumi.

"Kesho saa nane tunafanya zoezi chumba cha pasi," akasema. "Tunahitaji mtu wa kuzimia. Nimefikiria, wewe una uzoefu."

Bi Mstari akamtazama. Halafu akafikiri: mtu akifanya vizuri mbele za watu wote, akalala alipoambiwa na kuinuka alipoambiwa, mzima kama kigongo, pengine mkono wa afisa utasita kabla ya saa kumi. Ndiyo tumaini pekee lililobaki.

"Nitazimia," akasema. "Ila miguu lazima iinuliwe. Muuguzi kasema."

"Pendekezo zuri." Akachukua kalamu. "Nitaliweka la kumi na moja, kwa kuwa limekuja mwisho."

Mama Pacha aliposikia, alinuna mpaka jioni. "Mimi ningezimia vizuri zaidi," akasema. "Wewe ulianguka kama gunia. Mimi ningeanza kwa kushika paji la uso."

Ijumaa saa nane mchana walikusanywa wote: wa pasi, wa kufua, madereva, makarani, fundi wa mashine, watu sitini ndani ya chumba cha watu ishirini na sita. Mashine iliachwa inazunguka, kwa kuwa Bwana Fomu alitaka mazingira halisi. Mwenyewe alikuja na koti na tai kwa ajili ya picha, akasimama mgongo kwa pasi, hatua mbili tu kutoka kwenye chuma, mahali ambapo hakuna mfanyakazi aliyewahi kusimama kwa hiari. Karani wa mizani alipewa simu ya kupigia picha. Mlango ukafungwa ili zoezi lisiingiliwe.

"Mama, zimia," akasema Bwana Fomu.

Bi Mstari akalala chini. Mashuka yalikuwa yameshaondolewa mapema na kupangwa mezani, watu wasije wakasahau wakati wa zoezi. Saruji ilikuwa na ubaridi kidogo. Akaona ajabu: miaka kumi na moja, kumbe mahali pazuri pa chumba hiki ni sakafuni.

Bwana Fomu akafungua karatasi. Hatua ya kwanza, anayeona mwenzake ameanguka amjulishe msimamizi. Mama Pacha akamjulisha Bwana Filimbi, ambaye alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Hatua ya pili, msimamizi athibitishe kwamba aliyeanguka yuko zamu. Bwana Filimbi akafungua daftari, akatafuta jina, akalipata. Ikapigwa picha. Hatua ya tatu, mashuka yaondolewe. Yakaangaliwa, yalikuwa mbali. Hatua ya nne, mashine isizimwe bila idhini. Hatua ya tano, idhini iombwe. Hatua ya sita, zipigwe filimbi mbili, si moja, ili watu wasiende kula. Kila hatua Bwana Fomu aliisoma, akaifafanua, akauliza kama kuna swali, na palipokuwa na swali alishukuru.

Kutoka chini Bi Mstari hakuona nyuso. Aliona viatu. Viatu vya Bwana Fomu vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi, mtu angeweza kujitazama humo. Kwenye hatua ya nne tone la jasho lilidondokea ncha ya kiatu cha kulia. Kwenye ya tano yalikuwa matone kadhaa. Kwenye ya sita viatu vilianza kusogea, inchi moja mbele, inchi moja nyuma, kama mtu aliyesimama kwenye mashua.

"Hatua ya sita," akasema Bwana Fomu.

"Tumeshaipita, afisa," akasema Bwana Filimbi.

"Ndiyo. Hatua ya sita." Akainua uso. "Nani amezima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka zote. Lile pazia linaloanzia pembeni Bi Mstari alilijua peke yake katika watu sitini. Akaketi.

"Afisa, kaa chini. Kaa chini sasa hivi!"

"Mama," akasema Bwana Filimbi, "wewe umezimia. Usiongee."

Bwana Fomu akaenda chini. Hakushika paji la uso. Alianguka kama gunia, karatasi yake ikabaki hewani kidogo kisha ikamfuata.

Halafu mtu mmoja wa upande wa kufua akaanza kupiga makofi, na chumba kizima kikapokea.

"Kumbe ana kipaji!"

"Tazama mkono alivyouacha. Huyo kajifunza mahali."

"Afisa," akasema karani wa mizani, akihangaika na simu, "rudia kidogo, haikutoka."

Bwana Filimbi aliokota ile karatasi, akaipitisha kidole toka juu mpaka chini. "Hili halimo," akasema. "Aliyepangwa kuzimia ni mmoja."

Bi Mstari alikuwa ameshatambaa mpaka pale. Midomo ya Bwana Fomu ilikuwa rangi ya jivu. Fomu ya Jumatano ilikuwa imechungulia mfukoni mwa koti, imekunjwa ovyo, pembe hazikukutana. Mama Pacha akainama sikioni kwake.

"Mwache kwanza," akanong'ona. "Dakika moja tu. Aonje saruji."

Ungekuwa uongo kusema hakufikiri. Alifikiri, muda wa mtu kuvuta pumzi. Zoezi ndilo lililokuwa tumaini lake, na kwa mujibu wa zoezi alitakiwa awe amelala, kimya, mtiifu, mpaka hatua ya kumi na moja.

Akasimama.

"Huyu hachezi!" akasema kwa sauti ambayo hata nyumbani hawakuwa wanaijua. "Zima mashine!"

"Idhini..." Bwana Filimbi akaanza.

"Mwenye kutoa idhini ndiye huyu hapa. Muombe."

Bwana Filimbi akamtazama mwenye idhini. Akaenda akaizima mashine mwenyewe. Kile chuma kikapunguza mzunguko, kikaguna, kikasimama, na watu wakasikia sauti ambayo hawakuwahi kuisikia mchana mle chumbani, yaani ya kwao wenyewe, wanavyohema.

"Fungueni mlango. Wote mlio nyuma, nje. Fundi, ng'oa misumari ya dirisha hilo. Mama Pacha, weka hiyo chupa chini. Na wewe, kiatu hicho mrudishie mwenyewe." Alikuwa ameshamlaza Bwana Fomu chali, amelegeza tai, amefungua mkanda. "Nipeni mashuka."

"Machafu?"

"Safi."

Hakuna aliyesogea. Bi Mstari akaenda mezani mwenyewe, akabeba mashuka thelathini ya hospitali, yamenyooka, pembe kwa pembe, akayaweka sakafuni, akapandisha juu yake miguu ya Bwana Fomu na viatu vyake. Bwana Filimbi akafumba macho.

Msumari wa mwisho ukatoka kwa kelele kama jino. Dirisha likafunguka, upepo ukaingia, na vumbi lake, na harufu ya barabara. Bi Mstari akashika kidevu cha afisa akimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Akahesabu. Hakufika ishirini.

Bwana Fomu akafungua macho, akaangalia dari, akaangalia miguu yake kule juu.

"Tumefika hatua ya ngapi?" akauliza.

"Ya kumi na moja, afisa. Tumeanzia huko."

Walimtoa nje kivulini kwa toroli, safari hii la mashuka safi, kwa heshima ya cheo. Lilipofika mizani lilipanda, na karani akaandika kilo mia moja na nne, pamoja na afisa. Mama Pacha alisoma begani kwa karani na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa dereva wa lori.

Alipokuwa ameketi vizuri, ameulizwa kama kifua kinambana na kusema hapana, amekunywa maji kidogo kidogo, Bwana Fomu aliomba fomu. Hilo nalo halikumshangaza mtu. Aliyeanguka lazima ajaziwe, na mjazaji ni yeye. Akaandika jina lake, tarehe, saa. Akafika kwenye Chanzo, kalamu ikasimama.

Watu waliokuwa wamezunguka wakasogea kidogo, kwa kusahau habari ya hewa. Kisanduku cha kwanza, Mwili wa mfanyakazi. Bwana Fomu alikitazama muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na watoto watatu shuleni, na hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye fomu ile hufanya nini ikifika ghorofani.

Akatia alama kisanduku cha pili. Mbele yake akaandika kwa mwandiko mzuri: joto.

"Afisa," akasema Bi Mstari, "mle chumbani tulikuwa sitini. Umeanguka wewe tu."

Alisema bila kejeli, kama anayeuliza njia. Bwana Fomu hakuinua kichwa.

"Mkuki kwa nguruwe..." akaanza Mama Pacha.

"Nyamaza wewe," akasema Bi Mstari. Kisha kwa afisa: "Ile ya Jumatano bado iko mfukoni. Saa kumi haijafika."

"Imejazwa kwa wino, mama."

"Basi jaza nyingine. Sakafu ni ile ile."

Bwana Fomu akaitoa ile ya Jumatano. Akaziweka mbili pamoja juu ya goti, akazilinganisha, na ulikuwa ni ulinganisho wa kuudhi kwa mtu anayependa utaratibu: chumba kimoja, juma moja, namna moja ya kuanguka, vyanzo viwili. Kama angekuwa mtu mbaya tu, angeweza kuishi nayo. Lakini alikuwa mtu wa mafaili.

"Haziwezi kukaa faili moja hivi," akasema hatimaye. "Nileteeni fomu safi."

Saa kumi kasoro dakika tano fomu mbili zilipanda ghorofani, zote na neno moja. Kufika Jumatatu madirisha matatu yalikuwa wazi, yametiwa wavu. Pipa la maji liliwekwa nje ya mlango wa chumba cha pasi na kikombe cha mnyororo, na kulifikia hakukuhitaji kibao. Hospitali ilipokea picha na kuandika barua ya pongezi. Ilisifu hasa uhalisia wa mwigizaji wa pili. Mashuka thelathini yalifuliwa upya, na la juu kabisa liligoma kutoa alama ya soli, mpaka leo wanalitumia kufunikia mashine. Yule dada wa taulo aliandikiwa barua kwamba mapumziko yake yamekwisha. Akajibu kwa mdomo, kupitia kwa Mama Pacha, kwamba kwa sasa ana shughuli nyingi, atafikiria.

Jumatatu hiyo saa tatu asubuhi Bi Mstari alitoka nje, akanywa kikombe kimoja, akanywa cha pili. Akarudi kushika pembe zake mbili. Saa nne akaachia shuka, akaenda mlangoni. Kando ya mlango misumari ilikuwa imeongezeka, ikawa mitano, na vibao vitano, vinne vipya vinanukia ubao. Akachagua kile cha zamani.

Saa tano kasorobo akakichukua tena. Saa sita kasorobo akakichukua mara ya tatu, taratibu, akakizungusha kidoleni kwa uzi wake. Bwana Filimbi akafungua mdomo kuuliza.

"Ndiyo," akasema Bi Mstari kabla hajaulizwa, kwa sauti, mbele za watu. "Ninayo matatizo. Nanywa maji."

Akatoka, na nyuma yake akamsikia Mama Pacha anaanza upya, kwa mtu mwingine, ile habari ya fundi bomba.